Namna ya kuhakikisha bima yako nchini Marekani italipia tiba mtandao

Mgonjwa anayeishi Columbus, Ohio, anazungumza na daktari kwa dakika 15 kupitia simu yake ya mkononi, anaandikiwa dawa na kupona, kisha wiki kadhaa baadaye anapokea barua inayomwambia kwamba bima haikulipa na kwamba deni lote ni lake. Akiuliza, mmoja atamwambia kuwa sheria ya Ohio inailazimisha bima kulipa, na mwingine atamwambia kuwa sheria hiyo haimhusu. Inawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasema kweli. Mwongozo huu umeandikwa kwa wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani, wawe ni Wakongo wa Lexington na Dayton, Wakenya wa Minnesota au Watanzania wa Houston, ili waweze kujua mapema sheria ipi inawalinda, badala ya kulitafuta jibu wakiwa na bili mkononi.

Chanzo cha utata huu ni cha zamani. Mwaka 1945 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo McCarran-Ferguson, ambayo iliacha usimamizi wa biashara ya bima mikononi mwa majimbo. Kwa hiyo hakuna sheria moja ya taifa inayozilazimisha bima zote za binafsi kulipia matibabu yanayotolewa kwa video au simu; kila jimbo limejitungia lake, kwa wakati wake na kwa maneno yake, na yako majimbo, kama Alabama, ambayo hayakuweka sharti la namna hiyo kwa bima za binafsi. Mtu aliyehama kutoka Kentucky kwenda jimbo jingine asidhani kwamba haki aliyoizoea imehama pamoja naye.

Hatua ya kwanza: jua fedha zinazolipia matibabu yako ni za nani

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote zinazofuata, kwa sababu ukiikosea, kusoma sheria ya jimbo kutakuwa ni kujichosha bure. Jina la kampuni ya bima lililochapishwa kwenye kadi yako halitoshi kukuonyesha nani anayelipa. Kuna mipango ambayo kampuni ya bima hupokea ada na kubeba yenyewe gharama za matibabu. Hii husimamiwa na jimbo. Kuna pia mipango ambayo mwajiri hulipa gharama za matibabu ya wafanyakazi kutoka mfuko wake mwenyewe, na kampuni ya bima ameiajiri tu ishughulikie makaratasi. Mipango ya aina hii ya pili kwa kawaida iko chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1974 ijulikanayo kama ERISA, ambayo huizuia sheria ya bima ya jimbo isiifikie. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Marekani wanaopata bima kazini wamo katika mipango ya aina hii, hasa walioajiriwa na kampuni kubwa: maghala ya kusambaza bidhaa, viwanda vya nyama, mitandao mikubwa ya hospitali. Hizo ndizo kazi ambazo wengi wetu tunazifanya.

Hapo ndipo wale watu wawili wa Columbus wanapopatana. Sheria ya Ohio ipo na ni nzuri, lakini haimfikii mtu ambaye matibabu yake yanalipiwa na mfuko wa mwajiri.

Njia ya kujua ni hii. Katika baadhi ya majimbo kadi yenyewe hukuambia: kadi ya Texas yenye herufi TDI au DOI ni ya mpango unaosimamiwa na jimbo, na kadi ya Colorado huandikwa CO-DOI. Ikiwa kadi yako haina alama ya namna hiyo, nenda kwenye ofisi ya rasilimali watu ya mwajiri wako na uombe hati iitwayo Summary Plan Description. Ni haki yako kuipata. Ukiiomba kwa maandishi, msimamizi wa mpango anapaswa kukupatia ndani ya siku 30, na akikaidi mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa kila siku ya kuchelewa. Ndani yake tafuta sehemu inayoeleza namna mpango unavyogharimiwa. Ukikutana na neno self-funded au self-insured, fahamu kwamba anayelipa ni mwajiri, na kwamba kauli ya mwisho kuhusu tiba mtandao iko katika hati hiyo hiyo uliyoishika.

Walio na Medicaid, mpango wa serikali wa matibabu kwa watu wenye kipato kidogo, wako upande mwingine kabisa. Mpango huo hugharimiwa na serikali ya taifa pamoja na jimbo, nao hubadilisha jina kila uendako: Medi-Cal huko California, TennCare huko Tennessee, MaineCare huko Maine. Majimbo yote 50 hulipia mazungumzo ya video ya moja kwa moja kwa namna fulani, ila orodha ya huduma na ya wahudumu wanaoruhusiwa hutofautiana. Wazee wenye Medicare, bima ya serikali ya taifa kwa wazee, hufuata sheria ya taifa. Ruhusa ya kutibiwa ukiwa nyumbani, iliyopanuliwa mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, kwa sehemu kubwa imekuwa ikiongezwa na Bunge kwa vipindi vifupi, isipokuwa huduma za afya ya akili, ambazo Bunge lilizipa nafasi ya kudumu. Kwa mzee wako mwenye Medicare, basi, uliza upya kabla ya kila miadi, hata kama mwezi uliopita ililipwa.

Tahadhari moja kwa wanaojinunulia wenyewe: makundi ya kuchangiana gharama za matibabu yanayoendeshwa kwa misingi ya dini si bima kisheria, hata kama kadi zao zinafanana na za bima. Sheria za jimbo kuhusu tiba mtandao haziyabani.

Hatua ya pili: soma sheria ya jimbo ukitafuta mambo matatu tofauti

Ukishajua kwamba mpango wako unasimamiwa na jimbo, tafuta kifungu chenyewe. Kituo cha sera kiitwacho Center for Connected Health Policy huweka kwenye tovuti yake muhtasari wa kila jimbo, na mabunge ya majimbo huchapisha sheria zao bila malipo. Tafuta kwa neno telehealth na pia telemedicine, kwa kuwa majimbo hayatumii neno moja. Kisha uangalie sheria inaahidi nini kati ya mambo matatu, ambayo mara nyingi huchanganywa hata na wahudumu wa simu wa kampuni za bima.

Jambo la kwanza ni usawa wa huduma: ikiwa bima hulipia huduma fulani unapokwenda kliniki, haiwezi kuikataa kwa sababu tu imetolewa kwa njia ya video. Ohio imeweka sharti hili katika kifungu cha 3902.30 cha sheria zake, na Texas katika sura ya 1455 ya Sheria ya Bima. Pennsylvania ilichelewa sana. Mswada wake ulipigwa kura ya turufu na gavana mwaka 2020, na ni mwaka 2024 tu ndipo Sheria Namba 42 ilipopatikana. Zingatia kwamba usawa huu hauongezi huduma mpya. Kama mpango wako haulipii mtaalamu wa lishe unapomfuata ofisini kwake, hautamlipia kwenye skrini.

La pili ni usawa wa malipo kwa daktari, yaani bima kumlipa daktari kiasi kile kile ambacho ingemlipa kama ungekwenda kwake. Kentucky iliweka sharti hili kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2019, kifungu cha 304.17A-138, ingawa inamruhusu daktari na bima kukubaliana kwa mkataba kiwango cha chini zaidi. Georgia ilifuata kwa sheria ya mwaka 2019, na California kwa mikataba ya kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Minnesota nayo inalo sharti hili katika kifungu chake cha 62A.673 cha mwaka 2021. Ohio haikuweka kiwango. Mgonjwa anaweza kudhani kwamba hili ni shauri la daktari na kampuni, lisilomgusa. Linamgusa. Pale ambapo daktari hulipwa kidogo kwa video, kliniki hupunguza nafasi za video, na mama asiye na gari anaambiwa asubiri nafasi ya ana kwa ana ambayo hawezi kuifikia.

La tatu ndilo linalogusa mfuko wako moja kwa moja, nalo ni kiasi unachotakiwa kuchangia. Sheria za majimbo kadhaa, zikiwemo za Texas na Minnesota, zinakataza bima kukutoza kwa video mchango ulio mkubwa kuliko ule wa ziara ya kawaida. Hata hivyo usawa si sawa na bure. Kama mpango wako unakutaka ujilipie dola 3,000 za mwanzo za mwaka kabla bima haijaanza kulipa, ziara ya video nayo inaweza kuingia katika hesabu hiyo na kuwa juu yako yote. Bili nyingi zinazoonekana kama bima imekataa kulipa huwa kwa kweli ni za aina hii, na rufaa haiwezi kuziondoa.

Hatua ya tatu: angalia kama sheria inahesabu simu ya sauti tupu

Watu wengi, hasa wazee na wanaoishi mahali ambapo intaneti ni dhaifu, huzungumza na daktari kwa sauti tu. Usifikiri kwamba simu hiyo ni tiba mtandao kila mahali. Sura ile ile ya 1455 ya Texas inasema wazi kwamba bima hailazimiki kulipia huduma iliyotolewa kwa sauti pekee, kwa barua pepe ya maandishi matupu au kwa faksi. Florida nayo iliitenga simu ya sauti katika sheria yake ya 2019, kisha ikaiingiza mwaka 2023. Minnesota iliiruhusu kwa muda wenye kikomo, na kikomo hicho kimekwisha kusogezwa mbele na Bunge la jimbo, jambo linalomaanisha kwamba kifungu ulichosomewa na rafiki mwaka juzi huenda kina tarehe nyingine leo.

Ikiwa video inakatika katikati ya mazungumzo nanyi mkaendelea kwa sauti, mwombe daktari aandike hivyo katika kumbukumbu zake. Kliniki huweka alama moja kwenye dai la video na nyingine kwenye dai la sauti, na alama isiyolingana na kumbukumbu ni sababu ya kutosha ya dai kurudishwa.

Hatua ya nne: fikiria utakuwa wapi siku ya miadi

Kanuni ya jumla ya Marekani ni kwamba matibabu huhesabiwa kuwa yametolewa mahali alipo mgonjwa, si mahali alipo daktari, kwa hiyo daktari anahitaji ruhusa ya jimbo ulilomo wakati wa mazungumzo. Mfikirie dereva wa lori anayeishi Dayton, ambaye bima yake imetolewa Texas kwa kuwa makao makuu ya kampuni yake yako huko, na ambaye siku ya miadi ameegesha lori lake Oklahoma. Sheria ya bima inayomhusu huenda ni ya Texas, huku leseni ya daktari ikipimwa kwa sheria ya Oklahoma, na Ohio anakolala ikiwa haina neno katika shauri hilo. Dereva kama huyu ataulizwa mwanzoni mwa mazungumzo yuko wapi. Naomba ajibu kweli, kwa sababu jibu la uongo humweka daktari hatarini na huipa bima sababu ya kukataa.

Kuna njia zinazopunguza ugumu huo. Zaidi ya majimbo 35 yamejiunga na mkataba wa leseni za madaktari unaowarahisishia kupata leseni katika majimbo mengine, wanasaikolojia wana wao uitwao PSYPACT, na Florida huwaandikisha wahudumu wa nje ya jimbo kwa ajili ya tiba mtandao pekee. Swali la kuiuliza kliniki ni fupi: daktari huyu ana ruhusa katika majimbo gani?

Wengi husafiri kwenda nyumbani kwa msiba au harusi na kukaa miezi miwili. Leseni ya Ohio haimpi daktari mamlaka ya kumtibu mtu aliyeko Mombasa au Bukavu, na Medicaid haiwezi kukuhudumia huko. Kabla ya safari, panga ziara na daktari wako ukiwa bado Marekani na uombe dawa za muda wote wa safari. Kwa dawa za kisukari na shinikizo la damu jambo hili lisiachwe hadi wiki ya mwisho, maana bima nyingi hutaka kibali cha awali kabla ya kutoa dawa za zaidi ya mwezi mmoja.

Hatua ya tano: piga simu kwa bima kabla ya miadi, na uandike kila kitu

Piga namba iliyo nyuma ya kadi. Uliza kama huduma unayoihitaji inalipiwa kwa video kutoka kwa daktari wako mwenyewe, au ni kwa kampuni maalumu ya tiba mtandao iliyoteuliwa na bima tu, kwa kuwa mipango mingine hutoa huduma nafuu kwa kampuni hiyo pekee. Uliza kama daktari yumo katika orodha ya wahudumu wenye mkataba na bima yako, mchango wako ni dola ngapi, na kama kibali cha awali kinahitajika. Andika tarehe, saa, jina la aliyekujibu na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo, kisha uombe majibu yatumwe kwako kwa maandishi. Maneno ya simu hayaifungi kampuni kama maandishi yanavyoifunga, lakini daftari lenye tarehe limesaidia rufaa nyingi.

Usikubali kufanya mazungumzo hayo kwa Kiingereza usichokimudu. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinazitaka hospitali, kliniki na kampuni za bima zinazopokea fedha za serikali ya taifa kukupatia mkalimani bila malipo, na haki hiyo inahusu ziara ya video kama inavyohusu ziara ya kliniki. Mtoto wako hapaswi kutumiwa kama mkalimani isipokuwa katika dharura. Kumlazimisha binti wa miaka 12 kutafsiri maumivu ya mama yake ni kumtwika mzigo usiokuwa wake. Omba mkalimani unapopanga miadi, si dakika ya kuanza, na useme ni Kiswahili kipi unachokisema. Mzee kutoka Uvira na mkalimani kutoka Zanzibar wanaweza kuelewana kwa habari nyingi na bado wakapishana katika majina ya magonjwa, na katika shauri la dawa hilo si jambo dogo.

Hatua ya sita: bima ikikataa, jibu ndani ya muda

Subiri karatasi yenye kichwa Explanation of Benefits kabla ya kulipa chochote. Karatasi hiyo si bili. Inaeleza bima imelipa nini, imekataa nini na kwa sababu ipi. Soma sababu hiyo kwa makini. Ikiwa kosa ni la kliniki, kama vile alama ya mahali au ya aina ya ziara kukosewa, ipigie kliniki na uitake irekebishe na kutuma dai upya. Makosa ya aina hii ni mengi, na hayahitaji rufaa.

Ikiwa sababu ni kwamba huduma za mbali hazilipiwi, nawe umekwisha kuthibitisha kuwa sheria ya jimbo inakuhusu, andika rufaa ya ndani kwa kampuni ukitaja namba ya kifungu. Kwa bima za binafsi una siku 180 tangu kupokea taarifa ya kukataliwa. Kampuni inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 30 kwa huduma ambayo bado hujaipata, siku 60 kwa uliyokwisha kuipata, na saa 72 kwa jambo la haraka. Wakikataa tena, unaweza kuomba uhakiki wa nje, unaofanywa na chombo kisicho cha kampuni, ndani ya miezi minne. Uhakiki huo hushughulikia hasa mashauri yanayogusa hukumu ya kitabibu, kwa hiyo ni busara daktari wako aandike barua ya kueleza kwa nini video ilifaa kwa hali yako, badala ya kubishania maneno ya mkataba peke yake. Kwa walio chini ya kampuni zinazosimamia Medicaid muda ni mfupi zaidi, siku 60, na mtu anayetaka huduma aliyokuwa akiipata isikatishwe wakati shauri likiendelea anapaswa kuomba ndani ya siku 10 tu.

Sambamba na rufaa, peleka malalamiko kwa idara ya bima ya jimbo, hayana ada. California ina ofisi mbili, Department of Managed Health Care na Department of Insurance, na mpango wako uko chini ya mojawapo, kwa hiyo uliza ni ipi kabla ya kuandika. Ikiwa anayelipa ni mfuko wa mwajiri, idara ya jimbo itakurudisha mikono mitupu. Malalamiko hayo ni ya Wizara ya Kazi ya taifa, katika idara yake iitwayo Employee Benefits Security Administration, ambako washauri husaidia bila malipo. Wakati huo iandikie kliniki barua fupi kwamba rufaa inaendelea na uiombe isipeleke deni kwa wakusanyaji wa madeni. Tuma barua zote kwa posta yenye uthibitisho wa kupokelewa, na risiti zake uziweke pamoja na lile daftari la simu.